PARI/GP: kalkuleta iliyonipa tarakimu zote ishirini

Nimetumia programu hii kwa miezi saba sasa, shuleni na nyumbani. Kabla sijaeleza uzuri na ubaya wake, niseme ilivyonifikia, kwa sababu haikuanzia kwenye hisabati. Ilianzia kwenye namba za NIDA, yaani za vitambulisho vya taifa hapa Tanzania.

Katibu muhtasi wetu alikuwa ameandaa orodha ya watumishi wote wa shule kwenye jedwali la kompyuta, jina na namba ya kitambulisho. Orodha ikarudishwa, namba zote zina makosa. Akaniita ofisini akiwa amekata tamaa kabisa. "Mwalimu, hebu kaa hapa utazame. Mimi naandika sawasawa, halafu yenyewe inabadilisha." Nikakaa. Akaandika namba yangu, tarakimu 20, kwa utaratibu, akisoma kutoka kwenye nakala ya kitambulisho. Akabonyeza kitufe cha kuingiza. Namba ikajikunja ikawa fupi, yenye herufi E katikati. Akaifungua tena ili zionekane tarakimu zote: tano za mwisho zilikuwa sifuri tupu.

Kweli hakuwa amekosea. Jedwali la aina ile hushika tarakimu 15 za namba, zinazozidi hapo hujaziwa sifuri. Dawa yake ni kuzifanya seli kuwa za maandishi kabla ya kuandika, basi. Tulimaliza kurekebisha orodha mchana huohuo. Lakini mimi nilirudi nyumbani na swali. Namba ya NIDA inaanza na mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, kwa hiyo yangu inaanza na 1979, na kwa jumla ni kama kwintilioni 19 na ushee. Je, kompyuta yenyewe, achilia mbali jedwali, inaweza kushika namba kubwa kiasi hicho?

Kompyuta nyingi za leo huhesabu namba kamili kwa biti 64, yaani nafasi 64 za 0 au 1. Namba kubwa kuliko zote inayoingia kwenye biti 64, bila alama ya hasi, ni 2 kwa kipeo cha 64, toa 1. Nikachukua kalkuleta yangu ya sayansi, ninayoingia nayo darasani mwaka wa tisa huu, nikaandika hesabu hiyo. Ikanijibu 1.844674407 × 10^19. Tarakimu kumi. Kumi nyingine hazikuonekana. Nikajaribu kuitega: nikaiambia ichukue jibu lake hilohilo, itoe 2^64. Jibu sahihi ni hasi 1. Ikaandika 0.

Sikuweza kulala vizuri kwa ajili ya ile 1.

Wanaojua kisa cha sataranji watanielewa. Mvumbuzi wa mchezo aliambiwa na mfalme achague zawadi, akaomba punje moja kwenye mraba wa kwanza wa ubao, mbili kwenye wa pili, nne kwenye wa tatu, na kuendelea kuongeza maradufu hadi mraba wa 64. Ibn Khallikan alikiandika kisa hiki karne ya 13. Jumla ya punje zote ndiyo namba yetu hii, 2^64 toa 1. Kalkuleta yangu ilikuwa imepoteza hesabu ya punje moja, na ilifanya hivyo bila kutoa taarifa yoyote.

Wiki ileile kijana niliyemfundisha kidato cha nne, sasa yuko chuo kikuu, alipita nyumbani kunisalimia. Nilimwonyesha hata kabla chai haijamiminwa. Akasema, "Mwalimu, hiyo kalkuleta si mbovu, imeishiwa nafasi tu. Lete laptopu yako." Akatoa flashi mfukoni. Dakika tano baadaye PARI/GP ilikuwa imeingia.

Ukiifungua, usitarajie vitufe wala picha. Ni dirisha la maandishi, na chini yake alama ya kuuliza, `?`, inasubiri uandike. Mimi nilipenda tangu hapo. Niliandika `2^64-1`, nikabonyeza, ikajibu papo hapo:

`%1 = 18446744073709551615`

Tarakimu 20, zote, hadi 5 ya mwisho. Nikatoa 2^64. Ikajibu -1. Punje ilikuwa imerudi.

Kisha nikaandika namba yangu ya NIDA bila vistari. Ni kubwa kuliko 18446744073709551615. Nikaangalia tarakimu za mwanzo za namba hiyo ya biti 64: 1844. Maana yake, ukiichukua namba ya NIDA kama namba moja ya kuhesabia, atakayeingia ndani ya biti 64 ni mtu aliyezaliwa mwaka 1844 au kabla yake. Hakuna Mtanzania hata mmoja aliye hai anayetosha humo. Nilimwambia katibu muhtasi kesho yake asubuhi, na nilifurahi kuona naye amelielewa jambo hilo mara moja: kile kitambulisho ni maandishi yaliyovaa sura ya namba, na ndivyo kinavyopaswa kutunzwa.

Hapo tu ingetosha kuisifu programu. Lakini thamani yake niliiona siku ya Ijumaa, kwenye klabu yetu ya hisabati.

Klabu ni wanafunzi kumi na wanane wa kidato cha pili na cha tatu, tunakutana baada ya vipindi kwenye chumba cha maabara kwa sababu ndicho chenye soketi inayofanya kazi. Nilibeba mchele wa Kyela kwenye bahasha. Tulihesabu punje 100, tukazipima kwenye mzani wa maabara: gramu 2.1. Wakazidisha wenyewe. Punje zote za ubao wa sataranji, kwa uzito huo, ni karibu tani bilioni 387. Dunia nzima huvuna mchele wa kama tani nusu bilioni kwa mwaka, hivyo mfalme angehitaji mavuno yote ya dunia ya leo kwa zaidi ya miaka 700. Hilo liliwakamata. Lakini lengo langu lilikuwa kuifungua namba yenyewe tuone imeundwa na nini, na nilitaka waifungue kwa mkono kabla sijawaonyesha programu.

Mwisho ni 5, kwa hiyo inagawanyika kwa 5. Jumla ya tarakimu ni 87, kwa hiyo inagawanyika kwa 3, ila si kwa 9. Hadi hapo ni mambo ya shule ya msingi. Kisha nikawakumbusha a² − b² = (a − b)(a + b), kanuni wanayoikariri kwa ajili ya mtihani na kuisahau siku ya pili yake. 2^64 ni mraba wa 2^32. Kwa hiyo 2^64 − 1 ni (2^32 − 1) mara (2^32 + 1). Mabano ya kwanza nayo yanapasuka vilevile. Na yanayobaki nayo. Waliteremka hivyo ubaoni, mmoja akimpokea mwenzake chaki, 16, 8, 4, 2, 1, mpaka wakafika chini kabisa:

3 × 5 × 17 × 257 × 65537 × 4294967297

Hakuna aliyegusa kalkuleta. Namba ya tarakimu 20 imepasuka vipande sita kwa kanuni ya kidato cha pili.

Vipande hivyo ndivyo namba za Fermat. Mfaransa Pierre de Fermat, katika karne ya 17, aliona kwamba 3, 5, 17, 257 na 65537 zote ni namba tasa, akaamini kwamba zinazofuata kwa mpangilio huo zote zitakuwa tasa pia. Ya sita, 4294967297, ilikuwa kubwa mno kuijaribu kwa kubahatisha. Ikakaa hivyo hadi mwaka 1732, Leonhard Euler alipoipasua.

Euler hakuanza kugawanya kwa 3, kwa 7, kwa 11 na kuendelea. Alijua kwamba kigawo chochote cha tasa cha namba ile lazima kiwe cha umbo la 64k + 1. Niliwapa wanafunzi sharti hilo tu, bila kulithibitisha, nikawaambia waorodheshe. 65, haifai, si tasa. 129, haifai. 193 ni tasa. 257 ni tasa. Kisha 449, kisha 577, kisha 641. Kati ya namba tasa zote chini ya 650, zinazostahili kujaribiwa ni tano tu.

Nikamwita ubaoni binti mmoja wa kidato cha pili, mkimya, agawanye 4294967297 kwa 641 kwa njia ndefu. Naandika hapa alivyofanya kwa sababu sijaisahau. 4294 kwa 641, mara 6, baki 448. Akashusha 9: 4489, mara 7, baki 2. Akashusha 6: 26, haiingii. Akashusha 7: 267, haiingii. Akashusha 2: 2672, mara 4, baki 108. Akashusha 9: 1089, mara 1, baki 448. Akashusha 7 ya mwisho: 4487, mara 7, baki sifuri.

Chumba kilipiga makofi. Jibu aliloandika juu lilikuwa 67417.

Aliruka sifuri mbili, zile za 26 na 267. Kijana wa nyuma akasema, "Mwalimu, mbona tarakimu ni chache?" Na yule binti mwenyewe akageuka, akatazama ubao, akarudi kuzipachika mahali pake: 6700417. Nasimulia hili kwa sababu ndilo kosa lilelile la jedwali la ofisini: hesabu ni sahihi, nafasi imepotea. Yeye aliliona na kulirekebisha mbele ya wenzake.

Kuna njia fupi zaidi ya kuona kwamba 641 inaingia bila baki, na mimi naipenda kuliko ile ya kugawanya. 641 ni 5 × 128 + 1, yaani 5 × 2^7 inapungukiwa moja tu kuifikia 641. Kwa hesabu ya mabaki, ni hasi 1. Ipandishe kwa kipeo cha 4: 5^4 × 2^28 inabakiza 1. Sasa, 641 vilevile ni 625 + 16, yaani 5^4 + 2^4, kwa hiyo 5^4 kwa mabaki ni sawa na hasi 2^4. Iweke mahali pake: hasi 2^32 inabakiza 1. Ihamishe upande wa pili, 2^32 + 1 haibakizi kitu. Imekwisha. Wanafunzi wawili walinakili ubao mzima, wengine walikuwa wamechoka, nikaacha.

Ndipo nikafungua laptopu. `factor(2^64-1)`. Programu hutoa jibu kwa safu mbili, kushoto kigawo, kulia kipeo chake:

`[3 1]`
`[5 1]`
`[17 1]`
`[257 1]`
`[641 1]`
`[65537 1]`
`[6700417 1]`

Ukiandika `##` inakuambia imetumia muda gani. Ilisema milisekunde sifuri. Yule binti alisogea karibu na kioo, akaisoma 6700417 kwa kidole, tarakimu baada ya tarakimu, pamoja na sifuri mbili.

Kwa hiyo kama wewe ni mwalimu, ushauri wangu wa kwanza kuhusu bidhaa hii ni huo: itumie baada ya ubao. Ukiitanguliza, `factor` inatoa jibu haraka mno kiasi kwamba hakuna cha kuuliza. Ikija baadaye inakuwa shahidi.

Vitu vingine ninavyotumia kila wiki. `numdiv` inahesabu vigawo. Kwa namba yetu ni 128, na wanafunzi wanaweza kueleza kwa nini, maana vigawo tasa ni saba, kila kimoja ama kimo ama hakimo, 2 kwa kipeo cha 7. `sigma` inajumlisha vigawo vyote, inatoa 31421980989189888768. Ukiondoa namba yenyewe zinabaki 12975236915480337153, pungufu ya namba, kwa hiyo siyo namba kamilifu kama 6 au 28. `isprime` inajibu 1 kwa ndiyo na 0 kwa hapana. `precprime(2^64)` inakupa namba tasa kubwa kuliko zote chini ya 2^64, nayo ni 18446744073709551557. `nextprime(2^64)` inakupa inayofuata juu, 18446744073709551629. Kati ya hizo mbili kuna pengo la 72 lisilo na tasa hata moja. Sehemu zinabaki sehemu: andika 1/3 + 1/7 ujibiwe 10/21, si desimali. Na ukiandika `100!` unapata tarakimu zake zote 158, sifuri 24 mwishoni, wanafunzi wakizihesabu kwa sauti.

Kuna jambo la mpaka wa 2^64 ambalo lilinifurahisha peke yangu. Programu ina jaribio la haraka la utasa, `ispseudoprime`, ambalo kwa nadharia linaweza kukosea kwa namba kubwa sana. Kwa namba zote zilizo chini ya 2^64 limeshahakikiwa kwamba halikosei. Mpaka uleule unaozikataa namba zetu za NIDA ndio unaotulinda hapa.

Na majirani wa namba yetu. Toa 1 kutoka 2^64, vigawo tasa saba. Baki kwenye 2^64 yenyewe, ni 2 tupu mara 64. Ongeza 1, unafika 18446744073709551617, namba ya Fermat inayofuata, na hiyo ina vigawo tasa viwili tu: 274177 na 67280421310721. Fortuné Landry, Mfaransa, aliipasua mwaka 1880 akiwa na umri wa miaka 82, bila mashine. Nilipowaambia umri wake klabu ilinyamaza kidogo. Laptopu yangu ya mtumba inaipasua kabla sijaondoa kidole kwenye kitufe, na bado mimi namheshimu Landry zaidi kila ninapoiona ikifanya hivyo.

Sasa ubaya, nao upo.

Usiandike alama ya mkato kutenganisha maelfu. Sisi tumezoea 18,446,744. Humu mkato una kazi nyingine, na utapewa ujumbe wa kosa. Ujumbe wenyewe ni wa Kiingereza, mkavu, na unaonyesha kwa kialama mahali ilipokwama bila kukuambia ufanye nini. Maelezo ya msaada nayo yameandikwa kwa ajili ya watu wa chuo kikuu. Ukiandika `?sigma` utapata sentensi mbili tatu zenye istilahi nzito. Nimelazimika kuandika karatasi ya Kiswahili, ukurasa mmoja, nimeibandika ndani ya kabati la maabara, na sasa wanafunzi wanaitazama hiyo badala ya kuniita.

Pili, haikutengenezwa kwa mtaala wetu. `log(100)` haitoi 2. Inatoa 4.605 na kuendelea, kwa sababu log yake ni ile ya asili, ya e. Wanafunzi wa kidato cha tatu waliotoka moja kwa moja kwenye majedwali ya log watadhani mashine imeharibika. Mimi nawaandikia `log(100)/log(10)`. Vivyo hivyo pembe: `sin(30)` inatoa hasi 0.988, maana inahesabu kwa radiani. Inabidi uandike `sin(30*Pi/180)`, na P iwe kubwa, ukiandika ndogo haikuelewi. Kwa trigonometria ya shule, kalkuleta ya kawaida inabaki kuwa rahisi zaidi, na sioni haya kusema hivyo.

Tatu, kumbukumbu. Ukiomba kitu kikubwa mno, kwa mfano ikuorodheshee vigawo vyote vya namba yenye vigawo mamilioni, itakata na kusema nafasi yake imefurika. Ukiiandikia `allocatemem()` inaongeza nafasi, unajaribu tena. Na ukifunga dirisha, kazi yote imepotea isipokuwa ulianza kwa kuandika `\l`, ambayo inahifadhi kila kitu kwenye faili. Nilipoteza jioni nzima kabla sijajua hilo.

Nne, isije ikakudanganya kwamba haishindwi. Nilichukua namba tasa mbili za tarakimu 45 kila moja, nikazizidisha, nikaipa zao lake iligawe. Kuzidisha ilikuwa papo hapo. Kugawa ilianza baada ya chakula cha jioni, feni ya laptopu ikinguruma, na nilipokwenda kulala ilikuwa bado inatafuta. Nikaizima kwa kuogopa betri. Siyo udhaifu wa programu, ndivyo hesabu yenyewe ilivyo: kuunganisha ni rahisi, kutenganisha ni kazi, na siri nyingi za benki na intaneti zimejengwa juu ya ugumu huo. Lakini mnunuzi ajue.

Nimesema mnunuzi, ila hakuna kununua. PARI/GP ilianzia Chuo Kikuu cha Bordeaux, Ufaransa, katikati ya miaka ya 1980, kwa kazi ya Henri Cohen na wenzake, na inatunzwa hukohuko hadi leo. Leseni yake ni GPL, kwa hiyo unaruhusiwa kuinakili na kumpa mwingine bila kuvunja sheria. Gharama ni bando la kuipakua mara moja, au hata hilo usitumie kama kuna mtu mwenye flashi. Ikishaingia haiombi intaneti tena, jambo kubwa kwa shule kama yetu. Inafanya kazi kwenye Windows na Linux, na laptopu dhaifu haiisumbui.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano naizuia kwa ajili ya msaada wake usiomsaidia anayeanza. Kwa mwalimu wa sekondari anayependa namba, au mwanafunzi anayejiandaa kwa mashindano ya hisabati, sijaona kitu kinachoikaribia kwa bei ya bure. Kwa mhasibu anayetaka kujumlisha mishahara, hapana, abaki na jedwali lake, na safu ya vitambulisho aifanye ya maandishi.

Kwa anayeiweka kwa mara ya kwanza: andika `\l` kwanza, kisha `2^64-1`, kisha `%-2^64`. Ile alama ya `%` inamaanisha jibu lililotangulia. Ukiona -1, iko sawa. Katibu muhtasi wetu ana hilo jibu limeandikwa kwa kalamu nyekundu kwenye kona ya kalenda yake, pembeni ya tarehe ya kuwasilisha orodha ya mwaka ujao.